Betri haijatimiza miezi minne, lakini gari likilala siku mbili haliwaki

Dereva_wa_Nguba (Bukavu)

Ndugu zangu mafundi na madereva, nawasalimu. Naomba ushauri kabla sijanunua betri ya pili ndani ya mwaka mmoja. Ninaendesha gari dogo la Kijapani la mwaka 2004, lenye usukani wa kulia, ambalo hunipeleka kazini kutoka Nguba hadi Kadutu na kunirudisha, safari fupi yenye msongamano mwingi. Likitumika kila siku huwaka bila taabu, lakini nikiliegesha Jumamosi jioni, Jumatatu asubuhi stata hutoa mlio wa ta-ta-ta tu na taa za dashibodi hufifia. Kwa kuwa nyumba yetu iko kilimani, huliachia literemke na kuliwasha kwa gia ya pili, ila najua kwamba hiyo si tiba.

Betri ni ya ampea-saa 45. Jumatatu iliyopita niliipima mwenyewe nikapata volti 11.7. Fundi wa mtaani alipima injini ikiunguruma akapata volti 14.1, kisha akachomoa kichwa kimoja cha betri injini ikiwa bado inawaka. Ilipoendelea kuunguruma akasema alteneta, yaani mtambo unaojaza betri injini ikiunguruma, ni nzima na kwamba lazima ninunue betri nyingine. Niongeze kwamba betri ya zamani ilipoishiwa kabisa, jirani alikuja kunisaidia kwa nyaya, na kwa sababu ya giza tukazigeuza kwa sekunde chache. Cheche ziliruka, tukazitoa upesi, na baadaye gari liliwaka vizuri.

Fundi_Umeme_Katuba (Lubumbashi)

Ndugu wa Nguba, usinunue kitu bado. Kwanza nikusihi jambo moja: usimruhusu mtu yeyote tena kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma. Desturi hiyo ilitoka kwenye magari ya zamani. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, na ukiiondoa ghafla, volti huweza kuruka juu sana na kuunguza diodi za alteneta au kompyuta ya gari. Isitoshe, kipimo hicho hakijibu swali lako, kwa sababu wewe huulizi kama betri inajazwa, unaulizia umeme unakokwenda usiku.

Swali hilo lina jibu la bei nafuu kuliko yote. Jaza betri kikamilifu kwa chaja, iache ipumzike kwa saa kadhaa, uipime. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, ilhali 12.2 ni karibu nusu. Kisha fungua kichwa cha upande hasi, ukiweke mbali, uiache hivyo kwa siku mbili zile zile zinazokusumbua. Ikibaki kwenye 12.6 au 12.5, betri haina kosa, na gari ndilo linaloinyonya. Ikishuka yenyewe bila kuunganishwa na chochote, basi ina ugonjwa wa ndani, na muda wa dhamana ukiwa haujaisha, irudishe dukani.

Ikiwa mlaji ni gari, mtafute kwa mita. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, chagua ampea, kisha iunganishe mita kati ya ncha hasi ya betri na waya hasi uliofunguliwa, ili umeme wote upite ndani yake. Usiwashe injini wala usifungue swichi mita ikiwa hapo, maana stata huvuta zaidi ya ampea mia moja na fyuzi ya mita itakatika. Kwa sababu hiyo hiyo, mita ikisoma sifuri tupu usifurahi haraka, kwani huenda fyuzi yake ilikwisha kukatika zamani. Funga milango yote, na ule utakaouhitaji kubaki wazi, sukuma ulimi wa kitasa chake kwa bisibisi hadi ujifunge, ili gari liamini kwamba umefungwa. Subiri nusu saa au zaidi, kwa sababu vifaa vya elektroniki havilali mara moja. Gari lililolala huvuta kati ya miliampea 20 na 50. Ukiona zaidi ya hapo, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke, na fyuzi iliyoishusha itakuonyesha njia. Anza na ya redio na ya kengele ya wizi, kwa sababu vifaa vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani ndivyo ninavyovikuta na hatia mara nyingi zaidi.

Dereva_wa_Nguba

Aksanti sana, Fundi. Nimefanya yote kwa subira. Betri iliyofunguliwa ilikaa siku mbili na kubaki kwenye volti 12.6, kwa hiyo nimeacha kuilaumu. Mita ilianza kwenye ampea 1.9, na baada ya dakika arobaini ikatulia kwenye 0.39, wala haikuteremka tena. Nilidhani ni taa ya buti, kwa kuwa balbu ya wati 5 huvuta karibu ampea 0.4, na hesabu ililingana mno. Nikaiweka simu ndani ya buti ikirekodi video, nikafunga. Nilipoitazama niliona taa ikizimika sawasawa kifuniko kilipogusa mpira. Kisha nikachomoa fyuzi zote ndogo, za ndani na za chini ya boneti. Redio ilipunguza miliampea chache, nyingine hazikubadilisha kitu, na mita ilibaki kwenye 0.36. Sasa sijui pa kutazama.

Mama_Basi_Himbi (Goma)

Kaka wa Nguba, mimi si fundi, lakini nina basi dogo linalobeba abiria, na kisa chako nimekipitia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilinunua betri mbili bila sababu, na siku ambazo basi halikuwaka ni siku ambazo watoto wa dereva wangu hawakupata posho, kwa hiyo nisingependa mwingine apoteze kama nilivyopoteza. Soma tena maneno yako mwenyewe kuhusu nyaya zilizogeuzwa. Hapo ndipo penye jibu, naamini.

Alteneta huzalisha umeme unaokwenda mbele na kurudi, na diodi zilizo ndani yake huufanya uelekee upande mmoja. Diodi hizo hizo ndizo mlango unaozuia umeme wa betri usirudi ndani ya alteneta injini ikizimwa. Ukizigeuza nyaya, umeme mkali hupita moja kwa moja kwenye diodi, na mojawapo inaweza kubaki mlango usiofunga vizuri. Mchana alteneta itaendelea kuchaji na mita itaonyesha 14 na kitu, kama ulivyoona, lakini usiku betri huvuja kupitia humo. Waya mnene wa alteneta kwa kawaida haupiti kwenye fyuzi ndogo, ndiyo maana unazichomoa zote na namba haitikisiki.

Fundi aliyenisaidia alifungua kwanza kichwa hasi cha betri, kisha akaondoa waya mnene kwenye mgongo wa alteneta, akaufunga kwa utepe usiguse chuma, halafu akarudisha mita. Namba ilianguka mbele ya macho yangu. Tafadhali usiruke ile hatua ya kwanza, kwa sababu waya huo una umeme wa betri wakati wote, na spana ikigusa injini utaona moto.

Fundi_Umeme_Katuba

Mama Himbi amesema kweli, nami nakiri kwamba ile habari ya nyaya niliisoma na kuipita. Ninaongeza uthibitisho mmoja. Rudisha kila kitu mahali pake, washa injini na taa kubwa, weka mita kwenye volti za umeme geu, yaani ule unaokwenda mbele na kurudi, upime kwenye ncha za betri. Alteneta nzima haifiki hata nusu volti. Ila mita nyingine za bei rahisi hudanganya hapo, kwa hiyo pima kwanza injini ikiwa imezimwa. Isiposoma sifuri, tafuta mita nyingine.

Dereva_wa_Nguba

Nimeondoa waya ule jana alasiri. Mita ilishuka kutoka 0.39 hadi 0.03 papo hapo. Niliita mwanangu aje ashuhudie, tukaugusisha na kuutoa mara tatu, na kila mara namba ilipanda na kushuka vile vile. Kipimo cha umeme geu kilitoa volti 0.8. Nimepiga hesabu pia: ampea 0.36 kwa saa 48 ni zaidi ya ampea-saa 17, nayo betri yangu ni ya 45 tu, na kwa safari zangu fupi sidhani kama iliwahi kulala ikiwa imejaa. Je, ninunue alteneta iliyotumika, au nibadilishe diodi peke yake?

Fundi_Umeme_Katuba

Ukipata sahani ya diodi inayolingana na alteneta yako, badilisha hiyo, na brashi zikaguliwe wakati huo huo kwa kuwa alteneta imeshafunguliwa. Alteneta iliyotumika ikubali tu ikiwa muuzaji atakuruhusu kuipima kabla ya kulipa, kwa sababu unaweza kununua tatizo hilo hilo. Na betri yako, ambayo imeteremka mara nyingi, ijaze polepole kwa ampea 4 au 5 usiku mzima, kisha umwombe mtu apige stata huku ukitazama mita: ikibaki juu ya volti 10, itakutumikia bado. Siku utakapofunga alteneta, rudia kipimo cha usiku kabla ya kumlipa fundi salio lake.