Vifaa vya mtoto vilivyotumika: kituo cha mtaani, makao ya watoto au ustawi wa jamii?

Mama wa Tabata
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa mwisho ameanza chekechea na stoo imejaa: kitanda cha mbao, kigari cha kusukuma, kigari cha kujifunzia kutembea, beseni, poti mbili, mashuka, na chupa za maziwa, nyingine hazijafunguliwa. Nataka viende kwa watoto wa kina mama wanaohangaika, Mbagala, Tandale au Vingunguti, hapa hapa Dar es Salaam. Naona njia tatu: kituo cha kulelea watoto mchana, makao ya watoto yatima, au nimkabidhi afisa ustawi wa jamii agawe yeye. Ipi inafika kweli?

Mlezi, Mbagala
Asante kwa moyo huo dada. Mimi nalea kwenye kituo cha mchana. Mama zetu wengi ni mama lishe, wauza samaki na wafanyakazi wa ndani. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, lakini mama lishe likizo anaiomba kwa nani? Anarudi kwenye masufuria mtoto bado mchanga, anatuachia na kanga moja na kopo la uji. Shida yetu kubwa ni pa kuwalaza. Wanabanana kwenye mkeka, akikohoa mmoja wiki nzima wote wanakohoa. Kitanda kimoja kinakula nafasi ya watoto wanne. Magodoro madogo, mashuka, vyandarua, beseni, poti: hivyo vinatumika siku hiyo hiyo. Kigari hatuna pa kukisukuma, njia yetu ni mchanga mtupu na mvua ikinyesha inageuka mtaro.

Baba wawili, Kimara
Makao ya watoto yanakumbukwa, hasa Ramadhani na Krismasi. Vituo vya mchana vinasahaulika kwa sababu watu wanasema wale watoto wana wazazi. Wanao, ndiyo, lakini hali zao mmezisikia hapo juu. Vitu vidogo peleka kituoni. Kitanda kipeleke kwenye makao yanayolea wachanga, kule wanalala usiku kucha.

Nesi wa kliniki ya watoto
Kabla ya kuchagua pa kupeleka, nakuombeni mchague cha kupeleka. Kigari cha kujifunzia kutembea usimpe mtu yeyote. Canada walipiga marufuku kuviuza mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuumia. Kwetu jiko la mkaa liko chini na ndoo ya maji iko wazi. Mtoto anazifikia kabla hujageuka. Na hakimfundishi kutembea.

Chupa nazo ziache. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu vibadala vya maziwa ya mama inagusa chupa na chuchu zake pia, na vituo havitakiwi kuwa njia ya kuzisambaza. Pasipo na maji ya uhakika chupa haisafishiki vizuri, mtoto anaishia kuharisha. Badala yake nunua vikombe vidogo vya wazi, visivyo na mdomo wa kunyonyea, maana hata maziwa ya mama yaliyokamuliwa mtoto ananyweshwa kwa kikombe.

Kitanda kipime: nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, kichwa kisije kunasa. Je, ubavu wake unashuka? Marekani walivikataza vya aina hiyo mwaka 2011.

Mama wa Tabata
Unashuka, na kitasa kimelegea. Nikitupe?

Fundi, Keko
Mbao zikiwa nzima, ng'oa reli na ufunge ubavu moja kwa moja kwa bolti. Misumari hapana, mtoto akitikisa inachomoka. Ila zikiwa zimeliwa na wadudu, kichanje kuni.

Mjumbe wa mtaa
Kuhusu ustawi wa jamii: vituo vinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo ofisi inajua vilivyosajiliwa. Mwombe afisa akuelekeze kituo, halafu mzigo upeleke mwenyewe. Niliwahi kuacha mzigo kwenye ofisi moja, mpaka leo sijui ulimfikia nani. Kituo kisicho na usajili usikitupe pia, wengi wanakwamishwa na uhaba wa vifaa na nafasi. Muulize mhusika amekwama wapi.

Mama wa Tabata
Basi nakwenda kituoni moja kwa moja. Kigari cha kusukuma nitakiuza, hela inunue magodoro. Mlezi, saizi gani?

Mlezi, Mbagala
Futi nne kwa mbili, sponji ya inchi tatu inatosha. Likatiwe kava la nailoni nzito la kufuta, na juu yake foronya yenye zipu. Vyandarua vya duara ndivyo rahisi kuning'iniza. Mashuka yafue uyaanike juani kabla ya kuleta.

Na jambo moja nakuomba kwa heshima: usiwapige watoto picha za kuweka mtandaoni. Mama zao wanaziona, na wapo walioacha kuleta watoto kwa aibu. Piga picha magodoro.

Njoo Jumamosi, watoto wanakuwa wachache. Kirikuu kinafika mpaka mlangoni kama hakujanyesha.