Mjadala: Wauza ngono wa Nairobi wawe na kliniki yao, au wapange foleni nasi?

Karani wa Kadi (mwenye mada)

Juzi kwenye foleni ya maji, mitungi miwili mkononi, jirani wa ploti alinichokoza. "Wewe si ndiye ulikuwa kwenye kliniki ya malaya? Wao dawa bure, benchi la kukalia, na lugha tamu. Mama yangu ana sukari, anatoka Kayole saa kumi alfajiri akapange foleni, halafu anaambiwa dawa zimeisha akanunue nje. Hiyo ni haki ya wapi?" Sikuwa na jibu la papo hapo, na zamu yangu ya maji ilikuwa imefika. Nimelileta hapa.

Miaka sita nilitunza kadi kwenye kliniki hiyo, ghorofa ya tatu katikati ya jiji, juu ya maduka ya simu. Mlangoni hapakuwa na bango. Mwanamke akija mara ya kwanza nilimpa namba, na tangu hapo hakuitwa jina. Wengi walifika saa nane mchana, leso juu ya gauni la jana, maana anayerudi nyumbani saa kumi na moja alfajiri huwezi kumtarajia kwenye benchi la hospitali saa mbili asubuhi. Alipimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, saratani ya mlango wa kizazi. Akachukua kondomu na vidonge vya kujikinga na virusi. Na kama alipigwa usiku ule, palikuwa na mtu wa kumwambia. Saa moja, ameshaondoka.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, nasi tukabandika karatasi mlangoni. Pesa ziliporuhusiwa tena, kwa masharti, vile vidonge vya kujikinga vikawa ni vya wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wizara yetu nayo ikaelekeza huduma za virusi ziingizwe kwenye huduma za kawaida za hospitali. Foleni moja kwa wote.

Mimi nasema kliniki hizi zirudi, tena kwa kodi yetu wenyewe. Siwaombei huruma. Nawadaia.

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwafuatilia wanawake wauza ngono wa Majengo, Pumwani, hapahapa Nairobi. Miongoni mwao walikuwa Frank Plummer na Elizabeth Ngugi, muuguzi aliyekuja kuwa profesa. Katika vipimo vya awali vya miaka hiyo, kama thuluthi mbili ya wanawake maskini wa kazi hiyo walikutwa na virusi. Ngugi aliitisha mabaraza, akazungumza nao habari za kondomu wakati ambapo wengi mjini walikuwa bado wanaona haya kuitaja. Kisha likatokea la ajabu: wachache miongoni mwao, mwaka nenda mwaka rudi, hawakuambukizwa. Dunia nzima ikataka damu yao. Chanjo iliyojaribiwa Nairobi kuanzia 2001, kwa ushirikiano na Oxford, ilitokana na yale yaliyoonekana katika damu hiyo. Haikufua dafu, lakini sayansi ilisonga. Na jambo moja halijanitoka kichwani: baadhi ya wanawake hao walipumzika kazi kwa muda, wakarudi, ndipo wakaambukizwa.

Wanaume nao msijitoe. Utafiti wa hapahapa Nairobi, uliochapishwa 1989, uliwafuata wanaume waliopata magonjwa ya zinaa kwa akina dada hawa, ukaona wasiotahiriwa wanaambukizwa virusi zaidi. Kutoka huko tukafika kwenye majaribio ya Kisumu, na tohara ya hiari ambayo vijana wengi wamefanyiwa bure. Kila kijana aliyekaa kitandani pale anadaiwa na Majengo bila kujua.

Haya, nicharazeni.

Sista wa Eastlands

Karani, nakuheshimu, ila umesimulia kama kwamba sisi wa serikali tuna pembe. Niko kituo cha afya cha kaunti. Kuna siku tunakuwa wauguzi wawili na watu mia na ushee. Wewe ulikuwa na wahudumu wangapi kwa akina dada thelathini? Hata mimi ningekuwa na lugha tamu.

Halafu zile ngazi zako. Mwenye duka la simu pale chini hajui anayepanda anakwenda wapi? Kwangu anaketi kati ya mama wa chanjo na mzee wa presha, nani atamjua? Kodi ikipatikana niongezewe wauguzi watatu na mlango ufungwe saa mbili usiku. Atafaidika yeye, na mama wa Kayole pia.

Baba Wawili, Umoja

Mnazunguka mbuyu. Mimi ni mzee wa kanisa, simchukii mtu, lakini kodi yangu isitumike kupalilia biashara hiyo. Deni lipo? Sawa. Lipeni kwa mtaji. Cherehani, kibanda Gikomba, mtu aache.

Namba Tu

Heshima zako, mzee. Kibanda Gikomba ninacho, cha mitumba. Kimeungua mara mbili. Kila kikiungua najua pa kutafuta mtaji wa kuanzia upya, na si kanisani.

Sista, unauliza nani atanijua? Nilienda kituo kama chako, maumivu tumbo la chini na uchafu unatoka. Dawati la mbele: "Shida?" Nikanong'ona. "Sema kwa sauti, watu wanasubiri." Ndani nilitibiwa vizuri, siwezi kusema uongo. Kisha nikapewa kikaratasi, nimlete mwenzangu naye atibiwe. Mwenzangu yupi? Ningekodi matatu. Nikacheka peke yangu, daktari akadhani namdharau. Sijarudi. Dawa zilikuwa sawa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia ukweli, na nisipousema ukweli nitatibiwa ugonjwa wa mtu mwingine.

Na wewe Karani, deni letu usituhesabie. Nimetoa damu, nimetoa mkojo, nimejibu hadi chupa ngapi nakunywa kwa wiki. Utafiti mmoja ulinipa nauli na soda, mpaka leo sijui walipata nini. Kliniki ikirudi isiwe ndoana. Nitibiwe kwanza. Utafiti niombwe, nikikataa dawa zisipungue. Na majibu mje mtusomee mtaani, kwa Kiswahili, si kwenye hoteli kubwa na tai shingoni.

Mwanafunzi wa Sheria

Kwa kifupi, maana nina mtihani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya, ikiwemo ya uzazi. Hakuna "isipokuwa". Kanuni za Adhabu, vifungu vya 153 na 154, zinamwadhibu anayeishi kwa mapato ya ukahaba. Kitendo chenyewe kati ya watu wazima hazikitaji. Kinachowakamata akina dada usiku kwa kawaida ni sheria ndogo za jiji za kuzurura. Kwa hiyo kanjo, askari wa jiji, ni sehemu ya mjadala wa afya. Anayeogopa kukutwa na kondomu mkobani hatazibeba, hata umpe boksi zima. Hesabu iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014, Mombasa ikiwa mmoja wa miji iliyopigiwa, ilikadiria kuwa kuondoa makosa hayo kwenye sheria kungezuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi mapya kwa wauza ngono ndani ya miaka kumi. Makadirio hayo hayatoki kwenye kliniki, iwe ya pekee au ya pamoja.

Baba Wawili, Umoja

Pole kwa kibanda, binti yangu. Nilisema haraka. Lakini swali langu kwa wote liko palepale: aliyeichagua kazi hiyo awe mbele ya mgonjwa wa sukari kwa nini?

Karani wa Kadi

Mzee, si mbele. Ni kando, saa nyingine, wakati mama wa Kayole yuko nyumbani. Na mbona tumefika hapa chini hakuna aliyewataja wateja? Uchambuzi wa kitaifa uliotolewa 2009 ulikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya maambukizi mapya nchini yaliwahusu wauza ngono na wateja wao. Wateja hao jioni wanarudi Umoja na Kayole, kwa wake zao. Ukimfungia dada mlango, umemfungia pia mwanamke ambaye hajui kwamba mlango huo ulimhusu.

Sista, kwenye ngazi umenipata. Muuza simu wa pale chini alikuwa akiwaita "abiria wa juu". Nililijua hilo miaka sita na sikulisema kokote. Basi nitakusogelea nusu ya njia: mlango uwe wako, wa kaunti, lakini saa ziwe za jioni, na dawatini akae mmoja wao, mwelimishaji rika anayelipwa mshahara. Namba zibaki. Hapo sitasogea. Kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kunataka kitambulisho, na hawa ni watu ambao, kabla ya 2018, mashirika yao yalikataa kuhesabiwa kwa alama za vidole kwenye utafiti. Hawakuwa wakaidi. Walijiuliza orodha hiyo siku moja itakuwa mezani kwa nani.

Namba Tu, ya utafiti nimeyachukua. Ila nitautetea mmoja. Ule wa Maisha Fiti ulizungumza na wanawake 1,003 wa kliniki za Nairobi kuanzia 2019, na haukuishia kiunoni: uliuliza kuhusu kupigwa, pombe, msongo wa mawazo. Kwa muda mrefu waliokuja na vitabu vya maswali walitaka kujua virusi tu, kama kwamba mwanamke huyo hana kichwa.

Sista wa Eastlands

Mwelimishaji rika dawatini, nakubali, hata kesho. Mshahara wake nani analipa? Sisi wenyewe tumegoma mara ngapi.

Namba Tu

Ndiyo hivyo. Mkimpata wa kulipa, niko hapa.

Mgeni

Samahani kuwakatiza, mimi nasoma tu. Hiyo ya kupewa namba badala ya jina bado iko mahali hapa Nairobi? Si yangu, ni ya ndugu yangu.

Karani wa Kadi

Zimebaki chache. Niandikie faraghani nikuelekeze. Mwambie ndugu yako aende saa nane mchana.