Wakuu, naomba ushauri: niongeze bunduki ya .30-06 au .375?

Mpwa wa Masasi: Habari za jioni wakuu. Mimi mkulima wa korosho, nipo Masasi. Ndani nina shotigani na .22, zote zina leseni. Nataka ya tatu. Kuwinda siwindi sana, napenda tu silaha nzuri. Sasa nipo njia panda: .30-06 ya mtumba iliyotunzwa vizuri, au nijikaze nichukue .375 mpya? Wiki hii usingizi siupati kabisa.

Fundi Komeo: .375 ya Holland & Holland ilitoka 1912, ikakusudiwa wanyama kama mbogo na tembo. Una mbogo shambani? Ina teke hiyo, na risasi zake bei juu. .30-06 inamaliza pongo, nguruwe pori, hata tandala. Na ukumbuke leseni ya silaha si kibali cha kuwinda, hicho kinaombwa peke yake.

Mama Mikorosho: Nguruwe pori mmenitonesha. Walilala na mihogo yangu yote. Baba watoto akatoka na shotigani usiku, akapiga, akarudi kifua mbele. Asubuhi tukakuta ndoo ya maji imetoboka. Waliotuokoa ni vijana wenye mbwa na nyavu, lakini kwenye misiba bado anasimulia kaua yeye.

Mzee wa Uraka: Hela za mnada zikiingia tu kila mtu mwindaji. Machi tutawakuta dukani mnakopa sukari.

Kitasa: Mleta mada, huo mtumba ni wa nani?

Mpwa wa Masasi: Wa ndugu. Jibuni hoja wakuu, .30-06 au .375?

Kitasa: Ndugu yupi? Leseni inasoma jina la nani?

Mpwa wa Masasi: Haya. Ya mjomba, Mungu amrehemu. Alipozidiwa aliniita, akasema mbele ya mama kwamba ile ni yangu. Ipo kwangu tangu arobaini, kabatini, nimeizungushia khanga. Kwetu mpwa ndiye anayerithi, wenyeji mnalijua hilo. Sikuona haja ya kuhangaika na makaratasi kabla sijaamua.

Kitasa: Kumbe umeshaamua! Mkuu, mila inakurithisha mikorosho, leseni hairithiwi. Mwenye leseni akifa silaha inapelekwa polisi. Ukiitaka, unaomba upya kwa jina lako, unaanzia kijijini, kamati ya ulinzi na usalama, mpaka kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Sheria ya silaha ya 2015 haimjui mpwa.

Mama Mikorosho: Na hilo kabati lina ufunguo? Watoto wanacheza humo?

Mpwa wa Masasi: Watoto wapo bweni. Nikiipeleka itaozea stoo, nawaambia ukweli. Hii si bunduki ya dukani. Mjomba aliachiwa na babu, na babu aliitoa Mahiwa, vita ya Mjerumani. Ni historia ya Kusini hii!

Fundi Komeo: Hapo umeanza kutunywesha chai. Mapigano ya Mahiwa ni Oktoba 1917. Askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, walibeba bunduki za Mauser, wengine ile ya zamani ya 1871, milimita 11, ukipiga unafunikwa na moshi wa baruti. .30-06 ni risasi ya jeshi la Marekani, ya 1906. Mjerumani aipate wapi huku Lindi? Hebu soma mtutu umeandikwaje.

Mpwa wa Masasi: Nimeifungua. Juu ya chemba kuna .30-06. Ubavuni, kwenye kakutu, BRNO, halafu Made in Czechoslovakia, herufi ya mwisho imelika.

Fundi Komeo: Chekoslovakia imezaliwa Oktoba 1918. Babu yako aliokota bunduki ya nchi ambayo bado haijakuwepo.

Mzee wa Uraka: Babu alikuwa nabii, muacheni 😂😂

Ndonde Og: Mimi naona hata mjomba hayupo. Huyu ana chuma cha magendo, anapima upepo kama kuna mteja. Mods fungeni uzi.

Mpwa wa Masasi: Mimi nimesimulia nilivyosimuliwa. Maandishi nimeyasoma mwenyewe, ningekuwa muongo si ningewaandikia Mauser?

Fundi Komeo: Hapo kidogo anaeleweka. Brno zimeingia nyingi nchini, na ni bunduki nzuri sana. Mzee aliinunua kihalali, hadithi akaongeza chumvi.

Kitasa: Iwe chai, iwe maziwa, chuma kipo kabatini bila leseni. Msamaha wa kusalimisha kwa hiari hutangazwa kwa muda maalumu tu, usikae kuusubiri. Tafuta leseni ya marehemu, mchukue mtendaji, nendeni kituoni mkatoe taarifa kwanza. Bunduki iache kabatini mpaka wakuelekeze namna ya kuifikisha. Usikatize nayo mjini kwenye bodaboda.

Mpwa wa Masasi: Nimekuelewa mkuu. Jumatatu nampitia mtendaji. Sasa, na ile .375 je?

Mama Mikorosho: Nunua pampu ya salfa.