Nimehamia penye fukuto na jasho halikauki: nifanyeje?

Mwuliza swali

Habari zenu wanajamvi. Nimekulia mahali pa baridi na hewa kavu, na wiki tatu zilizopita nimehamia eneo la joto kwa sababu za kikazi, katikati ya msimu wake wa fukuto. Joto lenyewe nililitarajia. Kipimajoto hapa hakizidi nyuzi 31, ilhali huko nilikotoka niliwahi kufanya kazi juani kwenye nyuzi 34 bila kulalamika. Hapa natoka kuoga, najifuta, na kabla sijamaliza kufunga vifungo vya shati mgongo umeshalowa. Usiku ndio mtihani hasa: nageuza mto kila mara nikitafuta upande mkavu, na shuka linanata mwilini. Nilinunua kiyoyozi kikubwa kuliko chumba kinavyohitaji nikidhani nimemaliza tatizo, lakini kinapoza chumba kwa dakika kumi, kinajizima, kisha nabaki na ubaridi wenye majimaji kama niko pangoni. Juzi nimekuta mkanda wangu wa ngozi umeota ukungu kabatini. Je, mwili utazoea, au kuna jambo ninalokosea?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana ndugu, na usijione dhaifu, kwa kuwa kipimajoto kinakupa nusu tu ya habari. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, bali kwa kukauka. Lita moja ya jasho inapogeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na karibu kilojuli 2,400 za joto, ilhali lile linalodondoka chini linakupotezea maji na chumvi tu. Sasa tazama: hewa ya nyuzi 35 yenye unyevu wa asilimia 30 imebeba takriban gramu 12 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo, lakini hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 imebeba takriban gramu 24. Hii ya pili imeshiba, na jasho lako halina pa kwenda. Ndiyo maana katika taarifa za hali ya hewa mimi huangalia kwanza kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kuwa matone. Kikiwa chini ya nyuzi 16 najua siku itakuwa nyepesi, na kikipita 24 kazi zote za kutoa jasho nazisogeza alfajiri.

Mwili utazoea. Kwa kawaida huchukua siku 7 hadi 14 za kukaa kwenye joto na kujishughulisha kidogo kidogo: majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi iliyomo hupungua. Ila anayejifungia kwenye ubaridi kutwa kucha hazoei, kwa hiyo nakushauri ukizime hicho kiyoyozi na utembee kwa miguu kila jioni.

Mchangiaji wa pili

Kuhusu kutembea nakubaliana na mwenzangu, lakini kuzima kiyoyozi usiku naona ni kujitesa bure. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili sharti lishuke kidogo, na katika hewa iliyoshiba mvuke halishuki kwa urahisi. Mwili na uzoee mchana, usiku upumzike.

Nimefunga viyoyozi kwa miaka mingi, na kosa lako nalijua: ni ukubwa wa mashine. Kiyoyozi hukausha hewa inapopita kwenye vyuma vyake vya baridi, ambapo mvuke hugeuka matone na kutiririka nje kupitia mpira wa maji. Kazi hiyo inahitaji muda. Mashine kubwa mno hufikia nyuzi ulizoiwekea kabla haijakausha lolote la maana, ikazima, na maji yaliyobaki kwenye vyuma yakarudi chumbani ikiwa feni inaendelea kuzunguka. Kuiteremsha hadi nyuzi 16, kama wengi wanavyofanya kwa hasira, hakusaidii, kwani chumba kikipoa bila kukauka, asilimia ya unyevu ndiyo inayozidi kupanda. Bonyeza kitufe chenye alama ya tone la maji, ambacho huendesha mashine kwa ajili ya kukausha, kisha nenda ukatazame ule mpira nje. Usipodondosha kitu, hakuna kinachokaushwa. Funga madirisha wakati inafanya kazi, osha chujio mara kwa mara, na usianike nguo chumbani, kwa sababu maji yote ya nguo hizo yanaishia hewani. Kabati lisogeze mbali kidogo na ukuta, na ukiweza nunua kipimo kidogo cha unyevu. Ukiudumisha chini ya asilimia 60, ukungu utapata shida kuota.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza la kiafya, kwa kuwa ni muuguzi. Anayetoka jasho jingi kwa saa nyingi asinywe maji matupu lita kwa lita bila kula chochote chenye chumvi, maana chumvi ya damu inaweza kushuka kwa hatari. Wenye maradhi ya moyo, figo au shinikizo la damu wamwone daktari kabla ya kubadili kiasi cha maji au chumvi, na pia wamuulize kuhusu dawa zao, kwani zile za kuongeza mkojo na baadhi ya dawa za mzio hupunguza uwezo wa mwili kuhimili joto. Vipele vya harara havihitaji mafuta mazito, bali ngozi iliyokaushwa vizuri na nguo nyepesi zisizobana.

Kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni ishara ya kuacha kazi, kukaa kivulini na kunywa. Lakini mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, joto la ndani ya mwili huenda limefika nyuzi 40. Hapo usisubiri: ita msaada wa dharura, mmwagie maji baridi mwili mzima na umpepee wakati mkisubiri.

Mwuliza swali

Ahsanteni sana. Nilikuwa naanika nguo chumbani kila usiku, na feni ya kiyoyozi sikuwahi kuizima. Jana nimehamishia kamba nje, nimebonyeza hicho kitufe cha tone na kuweka ndoo chini ya mpira. Asubuhi nimekuta maji yamefika karibu nusu ya ndoo, na mto sikuugeuza hata mara moja.