Mtoto wa miezi 10 uzito umegoma kupanda, mama anaambiwa "umembemenda". Mwanafunzi wa uuguzi nianzie wapi?

Nesi_Mtarajiwa:
Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni.

Nasoma uuguzi na ukunga, mwaka wa pili. Kwa sasa niko fildi, kliniki ya watoto kwenye zahanati moja ya kijijini huku Dodoma. Kuna mama ana mtoto wa kiume wa miezi 10. Kwenye kadi, miezi 6 alikuwa na kilo 7.2, wa saba 7.4, wa nane 7.4, wa tisa hakuletwa, juzi kaja na 7.3. Mstari umelala kabisa na sasa ameshuka chini ya mstari wa -2, yaani uzito pungufu kwa umri wake. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono umesoma sm 12.3, njano, yaani utapiamlo wa kati. Anakaa vizuri, anacheka, ila hajaanza kutambaa.

Shida siyo namba. Kadi ilisomwa kwa sauti mbele ya kina mama wenzake, na benchi zima likaanza kunong'ona kwamba kabemenda mtoto. Mama kaondoka kainamisha kichwa. Kwa wasiojua, huku mtoto akikonda wanasema wazazi wamelala pamoja kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao katoka nje ya ndoa. Anayebebeshwa lawama ni mama, baba hatajwi kabisa.

Alhamisi natakiwa kutoa elimu ya afya kuhusu makuzi na lishe, na mkufunzi atakuwepo ananipa alama. Hiyo imani niivunje pale pale mbele ya watu, au niipite kimya kimya? Na huyu mama nimsaidieje? Mimi ni mwanaume, sina hata mtoto.

Bibi_Mkunga:
Marahaba mwanangu. Kabla ya imani, kagua mizani. Ile ya saa ya kuning'iniza, ukishatundika ile suruali ya kupimia ndipo unarudisha mshale kwenye sifuri. Wengi wanaweka sifuri kwanza halafu wanatundika. Mtoto avuliwe nguo zote, aache kurusha miguu, na wewe usome macho yakiwa usawa wa mshale. Alama moja ni gramu 100, ukisoma umesimama pembeni umeshamuibia mtoto au umemuongezea.

Uzito ukiwa ni huo huo, tafuta ugonjwa. Homa, kuhara, kikohozi kisichoisha, nyumbani kuna mgonjwa wa TB? Mama kapimwa VVU lini? Bonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, uone kama kunabaki shimo. Likibaki, au utepe ukishuka chini ya 11.5, hapo hakuna somo la lishe, ni rufaa siku hiyo hiyo.

Mama_Wawili:
Mdogo wangu, nimepitia. Wifi zangu walinisema mpaka nikaacha kwenda kliniki, maana kila mwezi ni aibu mpya. Huyo asiyeletwa mwezi wa tisa usidhani mama yake alisahau.

Mwite pembeni, kaa naye chini, muulize tu: "Dada, jana mtoto alikula nini tangu asubuhi mpaka analala, na nani alimlisha?" Halafu nyamaza. Usimwambie mlo kamili, huo wimbo anaujua kwa moyo.

Mzee_wa_Busara:
Nyie wasomi mnadharau mila. Wazee hawakuwa wajinga. Halafu koo nyingine watoto wao ni wadogo kwa asili, mnawapima kwa kadi za Wazungu.

Mkufunzi_Mstaarabu:
Mzee wangu, heshima yako. Hizo chati za WHO za mwaka 2006 zilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walionyonya vizuri na kutunzwa vizuri walikua karibu sawa kila mahali. Na hata mtoto wa ukoo mdogo mstari wake unapanda, haulali.

Ila kwa wazee kuna jambo nakubaliana nawe. Tendo la ndoa haliharibu maziwa, lakini mimba ya haraka humfanya mama aachishe ziwa ghafla, na mtoto anakonda kweli. Walichokiona kilikuwepo, sababu ndiyo waliyoikosea. @Nesi_Mtarajiwa, Alhamisi pitia njia hiyo: anza na uzazi wa mpango, usianze na kumkejeli mtu. Na huyo mama mpime ujauzito.

Kutambaa kusikutie presha. Wengine huanza mpaka miezi 13, na wachache hawatambai kabisa, wanasimama moja kwa moja. Muhimu anageukia sauti? Anashika kitu na kukihamisha mkono mwingine? Mfundishe mama kuongea naye akimlisha, na kumpa kikombe na kijiko achezee.

Nesi_Mtarajiwa:
Wakuu, mmeniokoa. Mizani iko sawa, miguu haina uvimbe, VVU hana, malaria hana. Ila kipimo cha mimba CHANYA. Alimwachisha ziwa mtoto akiwa na miezi 8, mama mkwe alimwambia maziwa ya mimba ni sumu. Akienda shamba, mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa, anapewa uji mwepesi mara mbili basi.

Lishe_Vijijini:
Maziwa ya mimba siyo sumu. Kama mimba haina matatizo, anaweza kumrudisha ziwani, na aanze kliniki ya wajawazito mapema.

Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike kama maji. Miezi 10 ni milo mitatu hadi minne, nusu bakuli la mililita 250 kila mlo, na kitu kidogo katikati. Huko Dodoma mna karanga na alizeti: kijiko cha karanga zilizosagwa laini kwenye uji wa uwele, mafuta kidogo kwenye ugali na mlenda, yai likipatikana. Asihangaike na unga wa nafaka kumi wa dukani. Huyo binti aonyeshwe kwa vitendo, maana mlishaji ni yeye. Rangi ya njano aandikishwe kwenye huduma ya utapiamlo na apimwe tena baada ya wiki mbili, asisubiri mwezi.

Bibi_Mkunga:
Kama mwezi wa tisa hakuja, chanjo ya surua na rubela alipata wapi?

Nesi_Mtarajiwa:
Nimeangalia kadi, nafasi iko tupu. Na vitamini A pia hana.

Bibi_Mkunga:
Basi usingoje Alhamisi. Kesho asubuhi mpigie mwenyekiti wa kitongoji amwite, aje na yule binti.