Ryzen 7 9800X3D au nibaki na AM4? Tulinganishe kwa pesa ya Uganda

Kipepeo256
Wakuu, habari za jioni. Hii prosesa ya AMD, Ryzen 7 9800X3D, imesifiwa tangu itoke Novemba 2024, na mimi sibishi, vipimo vyake vinatia tamaa. Viini 8, nyuzi 16, kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa; X3D ni alama ya kashe ya ziada) MB 96, kasi mpaka gigahazi 5.2. AMD wenyewe walisema kwenye gemu inaizidi 7800X3D kwa wastani wa asilimia 8, na ile Core Ultra 9 285K ya Intel kwa asilimia 20. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 479. Nikikadiria dola kwa shilingi 3,600, hiyo ni milioni moja na laki saba na ushee, kabla ya usafiri na faida ya mwenye duka.

Mashine yangu ni Ryzen 5 3600 juu ya mazabodi ya B450 yenye soketi ya AM4, RAM GB 16 za DDR4, kadi ya michoro ya RX 6600, skrini ya 1080p yenye 144Hz. Mfukoni kuna milioni mbili na nusu. Nacheza Counter-Strike 2, Flight Simulator, na gemu za kujenga miji. Naona njia tatu: nihamie AM5 (soketi mpya ya AMD) na 9800X3D, nihamie AM5 kwa Ryzen 5 7600, ambayo ilitoka kwa dola 229, au nichomeke 5700X3D kwenye mazabodi hii hii niliyonayo. Nipeni ushauri, ila msinihurumie.

Simba_Kabalagala
9800X3D au kaa kimya. Rahisi ghali, ukinunua nusu utanunua tena mwakani.

Fundi_Wandegeya
Simba, wewe ndiye unamlipia? Ukitoa hiyo milioni moja na laki saba, zinabaki kama laki nane za kununua mazabodi ya AM5, RAM za DDR5 na kipoza, maana boksi la 9800X3D halina feni ndani. RAM nazo zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vyote vinakimbilia mashine za akili bandia. Atabaki na prosesa ya kifalme kwenye boksi, anaipangusa vumbi.

Kipepeo, sifa unazozisoma ni za kweli, lakini angalia zilivyopatikana. Wapimaji walifunga RTX 4090, kadi kubwa kuliko zote wakati ule, kisha wakashusha picha mpaka 1080p makusudi ili kadi isiwe kikwazo na prosesa ibaki peke yake ulingoni. Ni kipimo halali cha prosesa, sikatai. Ila wewe una RX 6600. Gemu yenye michoro mizito itakwama kwenye kadi kwanza, na hapo 9800X3D na 7600 zitakupa fremu (picha kwa sekunde) zinazokaribiana kiasi kwamba jicho halitaona tofauti.

Jipime kabla hujatoa hata mia. Washa MSI Afterburner, weka namba pembeni ya skrini, cheza kama kawaida yako. Kadi ikikaa asilimia 97 kwenda juu, kadi ndiyo inayokubana. Ikikaa asilimia 60 na fremu bado ni chache, 3600 ndiyo mgonjwa. Halafu shusha ubora wa picha mpaka chini kabisa: fremu zisipopanda, jibu ni lile lile, prosesa.

Rubani_wa_Entebbe
Fundi yuko sawa kwenye wastani wa fremu, lakini gemu alizozitaja Kipepeo haziongozwi na wastani. Kwenye Flight Simulator unaweza kuwa na fremu 50 safi kabisa juu ya Ziwa Nalubaale (Viktoria), kisha ukaanza kushuka London, majengo na ndege nyingine zinajaa, mashine inashtuka. Fremu 50, halafu 14, halafu 50. Wastani bado unapendeza kwenye karatasi na wewe ndege imeshakupita kiwanja. Mimi nilitoka 3600 hiyo hiyo nikaweka 5800X3D, kadi sikuigusa. Juu kabisa fremu ziliongezeka kidogo tu. Ile mishtuko ndiyo iliyokwisha.

Sababu ni kashe. Gemu za aina hii zinafuatilia maelfu ya vitu vidogo kwa pamoja, na prosesa inarudi kwenye data ile ile tena na tena. Ikiwa imekaa karibu na viini, safari ya kwenda RAM inapungua. 3600 ina MB 32, tena zimegawanywa vipande viwili vya 16, kila kundi la viini na lake. 5700X3D ina MB 96 mahali pamoja. Usiitazame gigahazi 4.1 yake ukaidharau.

Kipepeo256
Nimepima. Counter-Strike kadi iko asilimia 65 hivi. Gemu ya miji, mji ukiwa mkubwa, kadi inashuka mpaka 40 na fremu zinakufa. Flight Simulator inabadilika, angani kadi imejaa, karibu na viwanja vikubwa inapumzika.

Fundi_Wandegeya
Basi mgonjwa amejulikana, na Rubani ameshinda hapo. Lakini dawa yake bado si ya dola 479.

Mama_Mhariri
Samahani wanangu, naingilia. Mimi sichezi gemu, nahariri video za harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho), na kila kijana wa duka ananisukumia hiyo X3D eti ndiyo kali kuliko zote. Ni kali kwa nani?

Fundi_Wandegeya
Mama, kamera yako inarekodi nini? Kama ni zile za Sony kwa H.265, 4:2:2 bit 10?

Mama_Mhariri
Hiyo hiyo. Nikiburuta kwenye programu ya Premiere inakokota kama imechoka na sherehe yenyewe.

Fundi_Wandegeya
Basi achana na X3D. Kashe haitakusaidia hapo. Prosesa za Intel zenye michoro ya ndani, kuanzia kizazi cha 11, zina Quick Sync inayofungua video za aina hiyo kwa maunzi yenyewe. Hata Core i5-12400 ya kawaida itakupa raha kuliko 9800X3D kwa kazi hii. Ila tazama herufi mwishoni: 12400F haina michoro ya ndani, kwa hiyo Quick Sync hakuna. Dukani watakuambia "ni ile ile, mama, hii ni nafuu". Si ile ile. Njia nyingine ni kadi za RTX 50 za Nvidia, nazo zimeanza kufungua 4:2:2, ila bei utaiona mwenyewe.

Na kama utanunua Intel ya mtumba ya kizazi cha 13 au 14, zile kubwa za i7 na i9, uliza kama BIOS ya mazabodi yake, ile programu inayowasha mashine, ilisasishwa. Zilikuwa na tatizo la volti lililoziharibu taratibu, Intel wakatoa marekebisho 2024 na kuongeza udhamini kwa miaka miwili. Iliyokwisha kuharibika hairudi kwa programu.

Mpakani_Busia
Bei za dola mnazozitaja ni za Marekani, jamani. Kuna watu wanaagiza Nairobi, mzigo unakuja na basi la usiku. Sawa, lakini mpigie hesabu URA, mamlaka ya mapato, mapema, kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18, usije ukapiga kelele mpakani. Na uliza kama prosesa ni ya boksi au ya trei. Ya trei inakuja kwenye kiplastiki, haina feni, na udhamini wake ni wa mdomo wa muuzaji. Za AM4 zigeuze, tazama pini moja moja kwenye mwanga. Mteja wangu mmoja aliuziwa "mpya" yenye pasta ya joto iliyokauka pembeni. Mpya gani hiyo?

Simba_Kabalagala
Bado nasema AM5. AMD wameahidi soketi hiyo mpaka 2027 na kuendelea. AM4 ni kaburi.

Mzee_Soketi
Kaburi lililopokea Ryzen za kwanza 2017 na bado tunalizungumzia, kijana. Uhandisi wa 9800X3D naupenda kweli. Kwenye 7800X3D kashe ya ziada ilikaa juu ya viini, joto likapita kwa taabu, kama mtu aliyejifunika blanketi mchana wa Gulu. Safari hii wameiweka chini, viini vinagusana na kipoza karibu zaidi, na kwa mara ya kwanza wakaruhusu kuongeza kasi bila kufuli. Ningekuwa najenga mashine mpya kabisa, kadi kubwa ipo, ningeinunua bila kuuliza. Kipepeo hajengi mashine mpya.

Nyongeza kwa wanaohamia AM5: ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa, mashine inajizoeza na RAM za DDR5. Haijafa. Nimeletewa mashine nzima zimefunguliwa kwa sababu ya hofu hiyo, na nyingine umeme ulikatika katikati ikaanza upya, mwenyewe akadhani ameuziwa mkaa.

Kipepeo256
Hesabu yangu sasa: 5700X3D ilitoka kwa dola 249, kama laki tisa. RX 9060 XT ya GB 16 ilitoka kwa 349, milioni moja na laki mbili na nusu hivi. Zinabaki kama laki tatu na nusu za kipoza na bei za Kampala. Lakini je, pingi (muda wa kwenda na kurudi kwenye seva) ya Johannesburg itapungua?

Rubani_wa_Entebbe
Hahaha. Hakuna prosesa inayofupisha njia ya kwenda Johannesburg, ndugu yangu.

Mpakani_Busia
5700X3D mpya zimekuwa za kutafuta. Ukiona 5800X3D ya mtumba iliyo safi, usiiache ukitafuta jina.

Fundi_Wandegeya
Kadi hiyo umechagua vizuri. Inatumia njia zote 16 za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), na B450 yako ni PCIe 3.0, kwa hiyo zile kadi za njia 8 zingekupunguzia kidogo. Nunua prosesa kwanza, kadi baadaye ukiona bado unahitaji.

Na kabla hujagusa kitu, weka BIOS mpya ukiwa bado na 3600, na mashine iwe kwenye UPS. Ukishaingiza 5700X3D kwenye BIOS isiyoitambua utakaa unatazama giza. Kipoza usikivute juu kikiwa baridi: endesha gemu dakika kumi pasta ilainike, zima, toa waya, kisha kizungushe kushoto kulia taratibu mpaka kiachie. Ukikivuta kwa nguvu, 3600 itatoka imening'inia nacho na pini zimelala, na hiyo ndiyo ungeiuza upate hela ya kipoza kipya.