Acheni kupima kila bia kwa mizani ya laga! Nimechoka

Wadau, salaam. Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Juzi nimemwagiwa bia. Haikuwa bahati mbaya. Mtu alipokea glasi niliyommiminia kwa mkono wangu, akaonja fundo moja, akakunja uso, akainuka na kwenda kuimwaga kwenye sinki. Aliporudi akaniambia, "Kaka, hiyo imeshachacha, wamekubambikia." Wenzake wakacheka, mmoja akaanza kunihurumia kwa kupoteza hela. Nilibaki nimeshika chupa, sina la kusema.

Ile ilikuwa gueuze. Kwa wasioijua: huko Ubelgiji, kwenye bonde la mto Senne karibu na Brussels, kuna wapishi wa bia wanaochemsha kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) cha shayiri pamoja na ngano mbichi, kisha ule mchuzi mtamu wanaumwaga kwenye chombo kipana kama sinia kubwa, chenye kina kifupi, upoe usiku kucha hewa ikipita. Hakuna anayetia hamira. Vijidudu vinavyoelea hewani na vilivyojificha kwenye mbao za jengo ndivyo vinavyoingia na kuanza kazi, ndiyo maana wanapika miezi ya baridi tu, maana wakati wa joto huingia vijidudu vya kuharibu. Baada ya hapo bia inalala kwenye mapipa ya mti. Hiyo ndiyo lambiki. Gueuze inapatikana kwa kuchanganya lambiki ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka mitatu, ikafungwa kwenye chupa ikaendelea kuchachuka humohumo. Uchachu ule ndio kazi yenyewe iliyosubiriwa miaka mitatu. Kuimwaga kwa sababu ni chachu ni sawa na kumrudishia mtu ndimu zake ukimwambia hazijaiva kwa kuwa si tamu kama chungwa.

Angeniambia "hainifai, nipe nyingine" ningempa bila kinyongo. Kila mtu ana ulimi wake. Kinachoniuma ni hukumu: imechacha, mbovu, feki. Mtu amekunywa laga, ile bia ya kawaida inayochachushwa kwenye baridi, ya rangi ya dhahabu tangu aanze kunywa, basi kila kitu kisichofanana nayo kimeharibika.

Na humu jukwaani ni yaleyale. Kila wiki kuna uzi wa "bia ipi bora", kurasa kumi, watu wanatukanana, na ukisoma vizuri unakuta wote wanabishana kuhusu aina moja ya bia yenye lebo tofauti. Akitokea mtu kutaja bia ya ngano au stauti (ile bia nyeusi), swali la kwanza ni lile lile: "Hiyo ina ngapi?" Wanauliza asilimia ya kilevi! Kana kwamba bia ni betri. Ikiwa ni asilimia 4 wanaiita maji, ikiwa 8 wanaiita kiboko. Hakuna anayeuliza ina harufu gani, inakaaje mdomoni, uchungu wake unabaki au unaondoka.

Halafu hiyo imani ya rangi. Nyeusi eti ndiyo kali, nyeupe ni ya kuanzia. Jamani, Guinness ya pipa inayonywewa kule Ireland ina kilevi cha asilimia 4.2, chini ya laga nyingi mnazoziita laini. Duvel ya Ubelgiji inang'aa kama dhahabu, ina povu jeupe zuri, na ina asilimia 8.5. Weusi wa stauti unatokana na sehemu ndogo tu ya nafaka, shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa kama buni za kahawa. Nakubali kwamba zipo stauti zilizotengenezwa kwa ajili ya kupelekwa mbali ambazo hupita asilimia 7, na nadhani huko ndiko imani hii ilikoanzia. Lakini hizo zina nguvu kwa sababu mpishi alitia kimea kingi zaidi. Rangi haihusiki.

Sasa tuje kwenye baridi, maana hapa ndipo ninapogombana na watu hata wa nyumbani. "Iwe inapasua meno." Laga nyepesi, sawa, ipoze, imetengenezwa kwa hilo. Lakini unachukua stauti, au eli (bia inayochachuka kwenye joto zaidi kuliko laga) nzito ya watawa Wakatoliki wa Trappist, unaiacha kwenye barafu hadi chupa inaota ukungu, unaigugumia kwa mdomo wa chupa, kisha unakuja kuandika "haina ladha". Itakuwaje na ladha? Baridi kali inautia ganzi ulimi, na harufu zinabaki zimelala kwenye kimiminika. Na kwa mdomo wa chupa pua yako haipati chochote, wakati nusu ya ladha ni pua.

Fanyeni jaribio nililolifanya mimi. Toa chupa mbili za stauti ileile kwenye friji. Moja imimine hapohapo. Nyingine iache mezani nusu saa ndipo uimimine. Ile ya kwanza nilipoinusa nilipata harufu ya maji na chuma, na mdomoni uchungu mkavu tu. Ya pili, povu lilipanda taratibu likiwa na rangi ya maziwa ya chai, na kabla sijaweka mdomo nikapata kahawa, halafu chokoleti chungu, halafu kitu kama ganda la mkate lililoungua kidogo. Chupa zilitoka kwenye kasha moja. Niliyempa anionjee bila kumwambia aliapa kwamba ni bia mbili tofauti na akataka jina la ile ya pili.

Kuna na hili la kuacha chupa juani. Watu wanakaa nje, wanapanga chupa za kijani na zile za kioo cheupe mezani mchana kweupe, baada ya muda mfupi mmoja analalamika kwamba bia fulani "inanuka siku hizi, kiwanda kimeshuka". Kiwanda hakijashuka! Mwanga wa jua ukizipiga kemikali za hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zilizomo, zinavunjika na kutengeneza harufu ileile ya kicheche. Haihitaji siku nzima. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe karibu haizuii kitu, na kopo linazuia wote. Umeiharibu mwenyewe, ukaihukumu, ukaja kuitangaza vibaya mbele ya watu elfu.

Bia ya ngano ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nayo inateseka. Ina ukungu, kwa hiyo "chafu". Ina hamira chini ya chupa, kwa hiyo "mashapo". Ina harufu ya ndizi na karafuu, kwa hiyo "wametia rangi na manukato". Hakuna ndizi mle wala karafuu. Ni hamira yao tu, ikila sukari ya kimea inaacha harufu hizo. Na yale mashapo yanamiminwa makusudi: unamimina sehemu kubwa ya chupa, unabakiza kidogo, unaizungusha chupa ili hamira iinuke, kisha unamalizia juu ya povu. Nimeona mtu akichuja kwa kitambaa. Kwa kitambaa, wadau!

Nisiwaonee wanywaji wa laga peke yao, kwa sababu kuna kundi la pili ambalo linanichosha vilevile: wajuaji. Hawa wamegundua eli zenye hopsi nyingi mwaka juzi, na sasa laga yoyote kwao ni "mkojo". Hawajui wanachokitukana. Mwaka 1838 watu wa mji wa Plzeň, kwenye nchi inayoitwa Czechia leo, waliichoka bia mbovu ya mji wao hadi wakayamwaga mapipa 36 hadharani mbele ya jumba la mji. Wakajenga kiwanda kipya, wakamleta mpishi kutoka Bavaria, Josef Groll, na tarehe 5 Oktoba 1842 akapika bia ya kwanza ya pale kwa kimea cheupe, hopsi za Žatec, maji laini ya Plzeň yasiyo na chumvichumvi, na hamira inayofanya kazi kwenye baridi chini ya pipa. Ikatoka bia ya dhahabu inayoonekana upande wa pili wa glasi. Laga nyingi nyepesi mnazozijua leo ni wajukuu wa pipa lile. Na pilsna (laga ya mtindo huo wa Plzeň) nzuri ni ngumu kupika kuliko eli zenu zilizojaa hopsi, kwa sababu haina pa kuficha kosa. Kimea kikiwa na dosari unakijua, hamira ikichoshwa unaijua. Ukitia hopsi kilo na kilo unaweza kufunika mengi.

Wajuaji haohao ndio wenye ile kauli ya "bia halisi ni ya sheria ya Wajerumani". Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyopanga bia itengenezwe kwa nini, ilitaja shayiri, hopsi na maji. Hamira haikutajwa kabisa. Na ngano je? Watawala wa Bavaria waliendelea kuruhusu bia ya ngano kwa kibali maalumu, baadaye wakaishika biashara hiyo wao wenyewe. Mwaka 1987 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba Ujerumani haiwezi kuzuia bia za nchi nyingine kuuzwa kwa jina la bia eti kwa kuwa hazikufuata sheria ile. Kwa hiyo bia ya Ubelgiji yenye giligilani na maganda ya chungwa ni bia, na mjadala huo ulishafungwa.

Na pombe za nafaka za Afrika ni bia. Hili nalisema kwa sauti. Dolo ya Burkina Faso, umqombothi wa Afrika Kusini, mbege ya Kilimanjaro yenye ndizi na ulezi: nafaka imeoteshwa, imechemshwa, imechachuka. Ni nzito na zina uchachu kwa sababu zinanywewa zikiwa bado hai, bila kuchujwa mpaka zing'ae, na ndani ya siku chache. Anayemsifia Mbelgiji kwa uchachu wa lambiki halafu akaita mtama uliochachuka "pombe ya kimaskini" anatazama lebo, hanywi.

Mkitaka kulinganisha, linganisheni vitu vinavyolinganishika. Köln na Düsseldorf, miji ya Ujerumani, ziko umbali wa kilomita 40 hivi. Köln wana Kölsch, nyeupe, nyepesi, inaletwa kwenye kijiglasi chembamba cha mililita 200 ili isipoteze uhai. Düsseldorf wana Altbier, ya rangi ya shaba, yenye uchungu uliokaza zaidi. Zote zinachachuka kwa hamira ya eli, kisha zinalazwa kwenye baridi kama laga. Watu wa miji hiyo wanataniana juu ya bia zao siku zote, lakini ubishi wao una mashiko kwa sababu wanajua wanachobishania: kimea kiasi gani, uchungu kiasi gani. Wekeni Kölsch mbili kwa pamoja mseme ipi imepikwa vizuri. Wekeni Rauchbier ya Bamberg, ambayo kimea chake kinakaushwa kwa moshi wa kuni, dhidi ya nyingine ya Bamberg, na moshi usiwe sababu ya kuikatalia. Kuweka Rauchbier dhidi ya laga ya baridi na kusema "inanuka jiko" ni kupoteza muda wetu.

Kwa hiyo nawaomba, na naomba kwa hasira hiihii: ukija kuponda bia kwenye uzi huu, andika ni aina gani, uliinywa kwa glasi au kwa chupa, ilikuwa na baridi kiasi gani, na ilikaa wapi kabla hujaifungua. Asiyeandika hayo sitamjibu. Na yule bwana wa sinki, najua unasoma humu. Chupa ya pili ya ile gueuze bado ninayo, imelala gizani. Njoo uiombe kwa kueleza kilichomo ndani yake, vinginevyo nitaifungua siku usipokuwepo.